Tumbo Langu, Dawa Yetu

Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa anatwanga muravumba nyuma ya nyumba yake, mtoto wake ana kikohozi, na harufu ikaruka ukuta ikaingia jikoni kwangu bila hodi. Nyinyi mliokulia Bujumbura miaka yetu mnayajua majani hayo. Harufu yake inapanda puani kama kafuri, na kabla hujaletewa kikombe ulimi umeshajikunja. Niliacha maharagwe motoni nikakaa kwenye kiti. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimekaa na mwiko mkononi naona aibu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nikasema basi, hii habari sasa naitoa, nimeificha vya kutosha.

Niseme kwanza sisi ni nani. Mimi ni Bukuru. Kwetu jina hilo halichaguliwi, ukitangulia kuzaliwa kati ya mapacha wawili umeshaitwa, na anayekufuata ni Butoyi. Butoyi alinifuata baada ya robo saa. Tulikuwa wasichana wawili tuliofanana mpaka padri wa parokia akimkuta mmoja wetu njiani alisema "hamjambo", kwa usalama wake. Tulikaa Ngagara. Baba alikuwa dereva wa lori, leo Tanzania, kesho Rwanda, akirudi analala siku mbili anaondoka tena. Mama alifanya kazi kwenye wizara moja huko Rohero, na nyumbani yeye ndiye alikuwa serikali.

Serikali hiyo ilikuwa na sheria moja: pacha hapunjwi. Bibi alimfundisha Mama tukiwa bado na vitovu vibichi kwamba ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa atatokwa na vipele mwili mzima, na vipele vikikosa kutoka ujue kuna kibaya zaidi kinakuja. Mama alikuwa amesoma, diploma yake ilining'inia sebuleni kwenye kioo, lakini jambo hilo hakulifanyia mchezo. Kiatu changu kikichanika, jozi mbili zinanunuliwa. Butoyi akikohoa, na mimi nafungua mdomo nimeze dawa, niko mzima kabisa. Watu walisema tuna bahati. Bahati gani! Sikuwahi kuwa na kitu hata kimoja ambacho mkono mwingine haukukishika, na nilichotaka katika dunia hii kilikuwa Mama aniangalie mimi, mara moja tu, bila macho yake kuhamia kwa mwenzangu kupima kama tuko sawa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mama hakuweza kukigawa. Butoyi alikuwa anachekesha. Hakuhitaji kujitahidi. Alikuwa anaweza kuvuka uwanja na ndoo kichwani akitembea kama mama fulani wa barabara ya pili, yule aliyeona haraka ni ufukara, na wanawake wote waliokuwa wanafua wakaacha nguo. Mimi nikitembea hivyohivyo, kwa miguu ileile na sura ileile, waliniuliza kama nimechomwa na mwiba. Nililifikiria sana jambo hilo kitandani. Mwisho nikapata jibu: kicheko chetu kilikuwa kimewekwa tumboni mwa Mama kwa ajili ya wawili, mimi nikatoka kwa pupa bila kuangalia nyuma, na yeye ile robo saa yake aliitumia kuokota vya kwangu. Nilimwona mwizi. Nawaambia ukweli, nilimwona mwizi kabisa.

Vakansi kubwa ya mwaka huo, shule zimefungwa, kiangazi kimekauka na vumbi limekaa hadi juu ya majani ya migomba, senta ya vijana ya mtaani ilitangaza kwamba watoto watafundishwa mambo mapya asubuhi, kila mtu achague analolipenda. Mwisho wa vakansi kutakuwa na tamasha la vichekesho, wachekeshaji wakubwa wa mjini watakuja, na mtoto mmoja wa senta atapanda jukwaani pamoja nao. Tamasha halikunishughulisha. Nilisikia neno moja tu, "achague". Nikakimbia kwa Mama nikamwambia nataka gitaa. Mama akafurahi, akaenda mwenyewe kuniandikisha, na akarudi ametuandikisha wote wawili.

"Mama, Butoyi hapendi gitaa!"

"Na vipele je, anavipenda?"

Basi tukaenda kwenye gitaa. Mwalimu alikuwa kijana mwenye kucha ndefu upande mmoja, na kila akikaza uzi alifumba macho akatega sikio kama mtu anayesikiliza majirani wanagombana. Nilijifunza vidole vitatu vya kwanza mpaka ngozi ikachubuka. Siku ya nne Butoyi akachukua gitaa, akafumba macho, akatega sikio, akasema kwa sauti ya mwalimu, "Ngoja... bado mume hajajibu." Darasa lilianguka. Hata mwalimu alianguka. Sikurudi pale.

Nikahamia karate. Na yeye akahamishwa. Nisiwachoshe na ya karate. Mjue tu kwamba alipiga kelele ya kushambulia, halafu akamwomba radhi yule mvulana kabla hajampiga, na tangu siku hiyo wavulana wote walitaka kupigana na Butoyi.

Nikahamia kroshe. Hapo nikasema nimefika, uzi na sindano vinachekesha nini? Na kweli mikono yangu ilikubali. Mwanamke aliyetufundisha alisema nina mkono mwepesi, akanipa uzi mweupe mzuri, nikafuma kitambaa cha meza cha Mama kwa wiki mbili, kina maua manne pembeni. Nilikifuma usiku, nikakifuma chooni. Butoyi kwa upande wake alifuma kitu cha kijani ambacho hata yeye hakujua ni nini, kimejikunja kama jani la kabichi.

Jumapili baada ya misa nikampa Mama kitambaa changu. Akakikunjua juu ya mapaja, akapitisha kidole kwenye ua moja, akaniangalia. Mimi. Akasema, "Bukuru, hiki umefuma wewe?" Nilikuwa nimeanza kuvimba kifua. Mlango wa chumba ukafunguka, Butoyi akatoka na lile kabichi lake kichwani, mikono nyuma, tumbo mbele, anatembea kama mkubwa wa kazi wa Mama, yule wa wizarani ambaye tulikuwa tumemwona mara moja tu. Akasimama mbele ya Mama, akakohoa, akasema, "Madamu, hii karatasi iko na tatizo. Tatizo yenyewe, mi siijui. Urudi kesho." Mama alipiga yowe. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti, machozi yanamtoka, anatapatapa kutafuta cha kujifutia, na akachukua kilichokuwa karibu. Alijifutia machozi na kamasi kwa maua yangu yote manne.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki, sikukonda hata kidogo, ila kidonda nilikipata.

Wiki iliyofuata tonton Fideli akaja nyumbani. Tulimwita tonton, yaani mjomba, watoto wote. Ndiye alikuwa anasimamia shughuli za senta, mrefu, ana filimbi shingoni ambayo hakuivua hata akinywa chai. Alikuja kumwomba Mama ruhusa, Butoyi apande kwenye tamasha.

"Na Bukuru?" Mama akauliza.

"Mama, iko mutoto mumoja tu. Ni nafasi moja."

"Bon. Basi abaki nyumbani. Kwangu ni wawili ao apana."

Tonton Fideli alibembeleza mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: Butoyi ataigiza mama anayenunua nyanya sokoni, na mimi nitasimama naye nimeshika kikapu. Mama aliona ameshinda. Aliniangalia kwa furaha kabisa, akasema, "Umeona? Na we uko ndani." Moyo wangu ulikuwa mweusi kama masizi ya sufuria.

Tulifanya mazoezi siku kumi. Butoyi anakamata nyanya, anainusa, anaiuliza habari za nyumbani kwao, anaigombeza kwa kulala hadi saa hizi, na watoto wa senta wanajigaragaza. Mimi na kikapu. Siku ya sita sikuvumilia. Nilikuwa nimetunga neno langu usiku, nikaliona zuri. Butoyi alipoinua nyanya, nikasema kwa nguvu, "Mama, hiyo si nyanya, ni pua ya mwalimu!" Hakucheka hata mmoja. Mtoto mmoja akakohoa. Butoyi akanitupia macho, akajaribu kuniokoa, akaigeukia nyanya akasema, "Mwalimu, shikamoo." Wakacheka wote mpaka wakapiga benchi. Wakacheka kwa neno langu, kinywani mwake! Tonton Fideli akapuliza filimbi, akaniwekea mkono begani.

"Bukuru, mutoto muzuri, we shika tu kikapu."

Hapo ndipo nilipoamua.

Siku ya tamasha tuliamka, nguo zetu mbili za njano zimepigwa pasi zinaning'inia mlangoni. Butoyi alikuwa ameshaoga, anazungukazunguka chumbani akisema maneno yake chini chini. Nikajikunja kitandani, nikashika tumbo, nikaanza kulia. Sikumwomba Mama tubaki nyumbani. Sikuwa na haja ya kuomba. Nilikuwa naijua sheria ya nyumba kuliko yeye aliyeitunga.

Mama akaja mbio, akanishika paji la uso, akaniminya tumbo, nikapiga kelele. Akaenda nyuma kuchuma muravumba. Tulisikia kinu, tu, tu, tu, na Butoyi amesimama katikati ya chumba ananiangalia. Mama akarudi na vikombe viwili vya bati, vimejaa maji ya kijani mazito. Kimoja akanipa. Cha pili akamnyooshea Butoyi.

"Mama, mi siumwi."

"Kunywa."

"Mama, tamasha ni saa nane. Mi nitaenda na tonton, nitarudi haraka."

"Butoyi. Mwenzako akilala, na we unalala. Unataka nizike mutoto juu ya nyanya? Kunywa."

Nilikunywa kwa vituo, nikimchungulia juu ya ukingo wa kikombe. Butoyi alikunywa chake chote kwa pumzi moja, akafuta mdomo, akaivua nguo aliyokuwa ameshaanza kuivaa, akaja kulala upande wake wa ukutani. Mama akafunga pazia. Alimtuma mtoto wa jirani akamwambie tonton Fideli asitusubiri.

Mchana upepo wa kiangazi ulikuwa unatoka upande wa senta. Mikro yao ya kupazia sauti ilikuwa ya nguvu, Ngagara nzima ilisikia. Maneno hayakufika vizuri, yalifika yamechanika, lakini kicheko cha watu kilifika kizima. Kinaanza mbali, kinakuja, kinapita juu ya mabati yetu, kinakwenda. Niliposikia tonton Fideli anataja mtoto wa senta nilijua ni saa yetu. Walikuwa wamempa nafasi hiyo mvulana wa barabara ya juu, tuliambiwa baadaye, akasimulia habari za mbuzi wa shangazi yake, na watu walimcheka wiki nzima. Butoyi alikuwa amegeukia ukuta. Nilingoja alie. Hakulia. Baada ya muda mrefu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akauweka juu ya tumbo langu.

"Inauma bado?"

"Bado," nikasema.

Akauacha mkono pale mpaka jioni. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa nangoja furaha ya ushindi ifike, nikangoja, nikangoja, na kilichokuwa kinapanda kooni ni muravumba tu.

Mwaka uliofuata tonton Fideli alikuja tena. Butoyi alimjibu mwenyewe mlangoni, kwa adabu, kwamba yeye sasa anapenda kusoma. Na alisoma. Leo anafundisha hesabu sekondari huko Ruziba, na wanafunzi wake hawakosi darasa, maana wanasema madamu anaweza kukufanya ucheke kwenye mlinganyo. Jikoni kwa Mama kwenye arusi na misiba ni yeye wanayemzunguka. Lakini jukwaani hakuwahi kupanda maisha yake yote. Na mimi, nisiwadanganye, wivu haukuniacha. Mume wangu akimcheka shemeji yake sana mezani, nabeba sahani kabla watu hawajamaliza kula. Sisi wawili hatufanani siku hizi, mimi nimenenepa na yeye amekuwa mwembamba, watu wananiuliza kama ni mdogo wangu. Hilo nalo linaniuma.

Vakansi iliyopita binti wa Butoyi, Keza, wa miaka kumi, alipanda kwenye tamasha la vichekesho kule mjini, ukumbi mkubwa, viti vya plastiki hadi mlangoni. Butoyi akaniita twende pamoja. Tukakaa mstari wa nne. Yule mtoto akatoka peke yake, kafupi, kana gauni la bluu, akashika mikro kwa mikono miwili, akaanza kumwiga mama yake anavyosahihisha madaftari akiwa na njaa. Yoo! Sentensi ya pili ukumbi ulikuwa wake. Nikaiona kazi ileile ya mama yake, kusimama kulekule, na nikaona nitapasuka nisiposema. Nikainamia sikio la Butoyi.

"Butoyi. Ile siku ya senta, mi sikuwa naumwa tumbo."

"Najua," akasema, macho mbele.

"Ulijua toka lini?"

"Toka unakunywa. Mutu wa tumbo anakunywa haraka apone. We ulikuwa unachungulia kama nimemaliza yangu."

Miaka yote hiyo. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na kiti cha plastiki.

"Sasa mbona hukumwambia Mama? Angenipiga mi, we ungeenda!"

"Nani, Mama yetu?" Butoyi akasema polepole. "Angekupiga we vizuri, halafu angeniita: Butoyi, kuja na we uchukue yako."

Nilicheka. Ilinitoka kwa ghafla kama chafya. Nilicheka mpaka watu wa mstari wa mbele wakageuka, wakadhani namcheka mtoto jukwaani, na mimi nashika mbavu, machozi yananitoka, nacheka kichekesho cha ndugu yangu bila kinyongo, mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Nikamgeukia nione kama anacheka na yeye.

Hakuwa anacheka. Keza alikuwa amemaliza. Ukumbi wote ulikuwa umesimama, watu wanapiga makofi na miluzi, mtoto anainama anainuka, na mama yake mzazi amekaa kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, mdomo wa chini ameuuma, anamwangalia binti yake pale juu kwa jicho ambalo nilikuwa nalijua. Hakuna aliyehitaji kunieleza jicho hilo ni la nini. Mimi ndiye niliyempa.

Nikachukua mkono wake mmoja. Ulikuwa wa baridi. Nikaupiga kwenye wangu, pa, pa, pa, wake na wangu, kama unavyomfundisha mtoto mchanga, mpaka mwishowe ukaanza kupiga wenyewe.